Aliyemfelisha Mtahini

Tarehe 4 Machi

Binti yangu mpenzi,

Nimepata barua yako na miwani mpya. Miwani inafaa, barua ilikuwa fupi. Usinipigie simu kuniuliza kama nimeipata; unajua simu na mimi hatuelewani siku hizi. Mtu anazungumza, anakata, nami nabaki nimeshika chombo bila kujua tumekubaliana nini. Barua ina adabu. Inakaa mezani inaningoja, na nikitaka nairudia hata mara tatu.

Sasa kaa kitako nikupe kichekesho cha mwaka. Idara ya leseni imeniita kwenda kufanya mtihani wa udereva. Mimi. Barua yao ninayo hapa, ina mhuri. Wanasema wamepokea taarifa ya kuaminika kwamba uendeshaji wangu ni hatari, kwa hiyo nionwe na daktari kwanza, kisha nitahiniwe barabarani. Miaka thelathini na mmoja nimekaa kiti cha pembeni na ubao wa fomu mapajani. Nusu ya wanaoendesha magari mji huu ni mimi niliyewapitisha, na nusu nyingine niliwafelisha kwanza wakarudi. Hata miongoni mwa hao makarani, nina hakika yupo niliyemfokea "Kioo!" mpaka akalia. Leo wanataka kujua kama Mzee Kioo anajua kuendesha.

Nilikwenda pale ofisini nikauliza nani kaandika. Karani alisema jina halitajwi, ila ni mtu wa karibu anayenitakia mema. Nilimwambia mtu anayekutakia mema anagonga mlango.

Nimekaa nikafikiri, na kila nikifikiri nafika kwa mtu mmoja. Fundi. Cherehani yake iko dirishani, dirisha linatazama geti langu, na kila nikitoa gari ananyanyua kichwa. Nilipoigusa ile nguzo ya geti mwezi uliopita (niliigusa tu, rangi haikutoka sana) yeye ndiye aliyekuja mbio kuniuliza kama niko salama. Miaka ishirini tunacheza drafti kila Jumamosi. Nguo zangu zote kazishona yeye, hata suti ya msiba wa mama yako. Naumia, mama. Ningependa awe mtu mwingine.

Wewe ni mtoto wangu wa kwanza na wa mwisho, sina mwingine wa kumwambia haya. Niandikie unaonaje.

Baba yako


Tarehe 12 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nyuma ya kaunta, kati ya mgonjwa na mgonjwa, mmoja akanisubiri na cheti chake mkononi mpaka nikamaliza. Pole sana. Naelewa ilivyokuuma.

Kuhusu Fundi, nakuomba usiwe na haraka. Mji una macho mengi. Anaweza kuwa dereva mwenzako, anaweza kuwa mwalimu wa ile shule ya pale kona, mtu yeyote. Na hata kama ni mtu wa karibu, pengine hakuwa na nia mbaya. Pengine aliogopa tu.

Nenda kwa daktari, Baba. Kama uko sawa mtihani utaupita, si ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia watu? Na daktari usimfiche kitu. Mwambie habari ya jiko lililobaki linawaka, na zile funguo tulizozikuta ndani ya friji. Mpaka hapo tafadhali liache gari. Sokoni si mbali kwa miguu. Dawa ya presha nimekutumia, nimeandika siku juu ya kila pakiti kwa herufi kubwa, usizihamishe.

Na drafti ya Jumamosi usiivunje.

Mwanao akupendaye


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua. Mkono wangu umezoea chaki na kitambaa, kwa hiyo mistari ikipinda utanisamehe.

Baba yako ameninunia. Jumatatu alikuja na suruali tatu nilizomshonea, akaziweka juu ya meza ya kukatia na kusema hataki tena kuvaa nguo iliyopimwa na mpelelezi. Jumamosi alipita dirishani ubao wa drafti kwapani, taratibu, ili nimwone vizuri, akaenda kucheza na kinyozi, mtu ambaye hata kula kete hajui. Habari imeshaenea. Mtaani sasa naitwa Redio. Mama mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake cha harusi, anasema hawezi kupimwa kiuno na mtu anayepeleka habari za watu serikalini. Nilicheka naye, akaondoka, nikaacha kucheka.

Mimi sikuandika. Wewe unajua sikuandika, maana uliandika wewe, tena hapa hapa kwenye meza yangu, jioni kabla hujasafiri, kwa kalamu yangu. Uliniomba nisiseme nikakuahidi. Nilidhani hasira yake itakwenda kwa watu wa idara. Sikujua itavuka barabara ije kwangu.

Sikuulizi kwa nini uliandika; lile geti naliona kila siku. Ninachouliza ni nitabeba mpaka lini. Jana nilimwamkia akageuza uso kama mtu aliyenusa kitu. Nilirudi ndani nikashona mkono wa shati upande usio wake, kosa ambalo sijafanya tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi.

Jirani yako,
Fundi


Tarehe 29 Machi

Mjomba Fundi, shikamoo.

Barua yako imenitia aibu, na sitajitetea. Nakuomba univumilie mpaka mtihani upite, ni wiki chache. Akijua sasa kwamba ni mimi, kwa daktari hatakwenda na dawa zangu atazimwaga. Sina kaka, sina dada. Akinifuta mimi, huko mbele nani atamwambia neno akalisikia?

Umesema huniulizi sababu, lakini nataka angalau mtu mmoja aijue yote. Siku mbili kabla sijasafiri alinipeleka sokoni. Tulifika kwenye taa, zilikuwa kijani, akasimama. Alisimama vizuri kabisa, akavuta breki ya mkono. Magari ya nyuma yakapiga honi, akaniambia watu siku hizi hawana subira. Zilipogeuka nyekundu akaondoka. Kwenye mzunguko aliingia upande usio wake, tukatazamana na lori la mchanga, dereva wake akapanda ukingoni kutukwepa. Sikupiga kelele. Alinifundisha mwenyewe kwamba abiria akipiga kelele dereva anakosea zaidi.

Halafu mbele ya shule. Wasichana wawili wenye sare walikuwa wanavuka kwenye mistari. Hakupunguza mwendo hata kidogo, Mjomba. Mmoja alimvuta mwenzake, begi likamchomoka mgongoni likabaki barabarani, nasi tukalipitia juu. Nililisikia chini ya tairi. Baba akasema, "Tuta hili wameliweka lini?"

Wakati wa kurudi nilimwomba usukani, nikamwambia nimelikumbuka gari lake. Alifurahi mpaka akaniimbia. Jioni hiyo niliingia stoo nikatoa moja ya zile fomu zake za zamani za kutahinia madereva, kesho yake nikaja kwako. Siku ya kuondoka nilimdanganya kwamba basi langu linaondoka alfajiri, nikachukua teksi kabla hajaamka.

Nivumilie siku hizi chache. Nitamwambia mwenyewe.

Binti wa jirani yako


Tarehe 17 Aprili

Binti yangu,

Wamenipokonya leseni. Nakueleza kwa utaratibu ili ujionee dhuluma yenyewe.

Daktari alinitaka nichore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Mtu mzima na shahada zake anamwambia mtu mzima mwenziwe achore saa. Nilichora. Namba zote kumi na mbili zilikuwapo, ila zilikaa zaidi upande mmoja. Akanitajia maneno matano, akanipigisha gumzo kuhusu wajukuu ambao sina, kisha akayataka yale maneno. Huo si uungwana. Ameandika kwamba nina ugonjwa wa kusahau.

Barabarani wakanipa nani? Bi Klachi. Yule mama niliyemfelisha mara nne kwa kuunguza klachi, siku hizi ndiye mkuu wa watahini. Aliniamkia kwa heshima zote, sitamsingizia. Alisema turudi ofisini, nikampitisha njia ndefu ili aione kazi. Anadai tumepita kituo kimoja cha mafuta mara nne. Pale kwenye kivuko cha shule alikanyaga breki ya upande wake. Kulikuwa na mwanamke anavusha watoto, ameshika kibao. Sijui alitokea wapi. Bi Klachi alizima injini, akanigeukia, akasema, "Mzee wangu, umefeli, na sababu unazijua." Machozi yalimlenga. Leseni akaikata kona kwa mkasi.

Sasa sikiliza. Nilimwomba anionyeshe hiyo taarifa. Alisita, akafungua faili. Mama, ni fomu yangu. Ile niliyoichora mwenyewe kwa rula, ambayo idara imeshaiacha na dunia nzima haina isipokuwa stoo yangu, ndani ya boksi la viatu vya marehemu mama yako. Imejazwa kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Makosa madogo kumi na moja, makubwa matatu, na makubwa yamezungushiwa duara, kama ninavyozungushia mimi.

Kwa hiyo mtu ameingia stoo yangu. Fundi ana ufunguo, nilimpa mwaka ule niliolazwa. Fundi ameniona nikijaza fomu hizo miaka yote. Kumbe si mpelelezi tu, ni mwizi. Nimekwenda kituo cha polisi nikaandikisha maelezo, wamemwita Alhamisi, si hii ijayo, ile nyingine.

Nitakwambia jambo moja nililoona haya nalo. Mtahini haachi kitu, nikahesabu wote waliofika nyumbani wiki ile, na wewe ulikuwamo. Kalamu ilisimama kwenye jina lako. Nikaichana karatasi nzima. Mtu akifika mahali pa kumshuku mwanawe basi kweli amezeeka.

Baba yako


Tarehe 25 Aprili

Baba,

Fundi hakuiba kitu. Fomu niliichukua mimi. Niliijaza mimi, na nikaipeleka posta mimi.

Nimeanza na hayo ili usiyapoteze. Tafadhali leo hii nenda polisi ukafute maelezo yako, kisha uende kwa Fundi. Alijua na hakusema kwa sababu nilimwomba. Aibu yote aliyoibeba mtaani ilikuwa yangu.

Siku ile ya sokoni ulipita taa nyekundu. Uliingia mzunguko upande usio wako. Mbele ya shule kulikuwa na wasichana wawili kwenye kivuko na hukuwaona, tukakanyaga begi la mmoja wao ukadhani ni tuta. Lile halikuwa tuta, Baba. Lingeweza kuwa mtoto, nawe ungeendelea kuniambia bei ya vitunguu.

Nilitumia fomu yako kwa sababu niliogopa nikiandika kama mtoto nitaongeza au nitapunguza. Fomu yako inauliza mtu kaona nini, basi. Nilidhani nikikupima kwa kipimo chako mwenyewe sitakuwa nimekudhulumu. Sasa naona lilikuwa kosa juu ya kosa, maana nimekupiga kwa fimbo yako.

Kwa nini sikukwambia? Nilikuwa na siku mbili nzima. Kila nikifungua kinywa ulikuwa unanipa kitu: chai, mto wa kuegemea, ile picha ya Mama. Nikashindwa. Kisha ulipoanza kumshuku Fundi nikaona nafuu. Hilo ndilo baya zaidi kuliko yote niliyofanya, na nalisema kwa sababu una haki ya kulijua. Niliona nafuu.

Nisamehe kama unaweza. Usipoweza, meza dawa.

Mwanao


Tarehe 3 Mei

Kwa binti,

Nimefuta maelezo polisi. Nimekwenda kwa Fundi. Nilisimama mlangoni, akanivutia kiti.

Wewe nina ya kukwambia. Gari linaposimama, mtahini anazima injini, anamgeukia dereva, anasema umefeli, sababu ni hizi. Ndani ya gari, macho kwa macho. Nimemwambia hivyo askari mwenye bastola kiunoni. Nimemwambia hivyo bosi wangu. Mama yako nilimwambia siku ya kwanza ninamwona, akanitukana, mwaka uliofuata akakubali kuolewa nami. Maelfu ya watu nimewafelisha na sikumwandikia hata mmoja nyuma ya mgongo wake.

Wewe uliniomba usukani ukasema umelikumbuka gari langu. Nilifurahi. Niliimba, kama mjinga. Kumbe pale tayari umeshanifelisha, unanirudisha nyumbani tu. Ukala chakula changu siku mbili. Ukaingia stoo kwenye boksi la mama yako. Ukaondoka bila kuniaga ukanidanganya saa ya basi, nami nikakuandikia kukushukuru kwa kuja.

Leseni waichukue. Hata huo ugonjwa, pengine upo, sijui. Mwenye ugonjwa huo ndiye wa mwisho kujua. Lakini miezi miwili nilikuwa nakulilia wewe juu yako wewe, na ulikuwa unanijibu. "Pengine aliogopa tu." Nimeitafuta barua hiyo nikaisoma tena. Ulikuwa unajitetea kwangu, na mimi nakupa pole.

Nilimlea mtu gani?

Mtahini


Tarehe 15 Mei

Binti,

Asubuhi hii nimeikuta barua yako chini ya redio. Sijui imefika lini, posta siku hizi wanafanya wanavyotaka. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Kwa hiyo ni wewe. Nimemtukana jirani yangu mbele za watu, nimempeleka polisi mtu aliyenivisha siku ya kumzika mke wangu, na wakati wote ni wewe. Kama ni mtu mwingine yeyote, ningekimbilia kwako kukusimulia.

Uliogopa nini kwangu? Nilikupiga lini? Nilikufundisha kuendesha ukiwa na miaka kumi na saba, ulizima gari mara ishirini pale pale mlimani na sikunyanyua sauti. Watu wengine wote niliwafokea, wewe sikukufokea. Sasa nadhani ningekufokea kidogo ungeweza kuniambia kitu usoni.

Nimekwenda kwa Fundi kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu, akaniletea kiti kabla sijasema neno, kana kwamba anajua nilichojia.

Nilitaka nije huko kwako leo hii tumalizane ana kwa ana, lakini gari halikuwaka.

Baba yako, kama neno hilo bado lina kazi


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Nadhani umepata barua zake na umeshaelewa. Kama bado, nakueleza mimi.

Barua yako ya Aprili anaisoma upya. Si kwamba anairudia, anaisoma. Inapita siku tatu, nne, anaikuta, anaifungua, na kwake ndiyo imefika. Kisha anavuka barabara kuja kuniomba radhi. Nimeshampokea mara saba. Mara ya kwanza tulilia wote wawili. Siku hizi nikimwona anavuka na ile bahasha navuta kiti, nasimamisha cherehani, nasikiliza. Siwezi kumwambia tumeshasameheana, maana analia machozi ya kweli, mwanangu. Kila mara umemsaliti leo.

Na siku ambazo bahasha imefunikwa na magazeti hali inageuka. Anarudi kwenye ile habari ya zamani. Anasimama chini ya dirisha langu ananiita mwizi, na majirani wanatoka. Polisi wameshamzoea, wanampa kiti, wanaandika kwenye karatasi isiyo na kazi.

Gari lilimtoroka, au niseme alitoroka nalo, siku mbili baada ya kupokonywa leseni. Sikukuandikia ili usishtuke. Tulimkuta kwenye ule uwanja wa zamani wa mitihani, ameegesha vizuri, amehamia kiti cha pembeni, anamngoja mtu wa kutahiniwa. Alikuwa amekasirika kwamba mtu huyo amechelewa. Njiani alikuwa amebomoa kibanda kimoja. Kwa bahati kilikuwa kimefungwa. Ndipo makanika akatoa betri, iko kwangu chini ya meza. Kwa hiyo akiniita mwizi siku hizi hakosei sana.

Sasa nauliza jambo moja, unijibu bila kuzunguka. Niichukue ile barua? Naweza kuitia moto leo. Atabaki kunishuku mimi, na wewe utabaki mwanawe mpendwa mpaka mwisho. Mimi ngozi imeshakuwa ngumu, na wateja wenye akili wamerudi. Kumwona akivunjika kila wiki kwa jambo lile lile, hilo ndilo limenishinda.

Fundi


Tarehe 10 Juni

Mjomba Fundi, shikamoo.

Nimekaa na swali lako siku mbili. Sitakudanganya, siku ya kwanza nilishaandika "ichome", nikaitia barua kwenye bahasha na kuibandika stempu. Nilijiona tayari nikija Agosti kwenye likizo yangu, ananipokea getini, ananiita mama. Ningekuwa nimesamehewa bila kusamehewa, na gharama ungelipa wewe kila siku chini ya dirisha lako.

Usiichome. Kila akimaliza kuisoma irudishe kwenye bahasha yake, uiweke mezani juu ya vitu vyote, mahali ambapo lazima aione. Magazeti yaondoe.

Najua ninachokuomba. Najua pia ninachomfanyia. Niliwahi kumnyima ukweli mara moja na aliniambia yeye mwenyewe kwamba hicho ndicho kilichomuumiza, si leseni. Akasahau kwamba aliniambia, lakini mimi sikusahau. Siwezi kumnyima tena kwa sababu tu sasa ni rahisi zaidi.

Kila akiniandikia kwa hasira nitamjibu. Barua zake zote ninazo. Hakuna hata moja inayofanana na nyingine, na kila moja ina kitu cha kweli ambacho ile ya kabla yake haikukisema.

Binti wa jirani yako


Tarehe 24 Juni

Mama, binti yangu,

Ni siku nyingi sijakuandikia, au naona hivyo. Huku hali si nzuri na sina wa kumwambia ila wewe.

Kuna watu wananizunguka. Gari haliwaki na makanika hanitazami machoni. Leseni yangu siioni mahali nilipoiweka. Fundi ni mwema kupita kiasi. Nikitokea mlangoni ananivutia kiti, ananitazama kwa huruma, na mtu asiye na jambo na wewe hakutazami hivyo. Mtu amesema kitu mahali fulani. Mtu amenisaliti, na nadhani ni mtu anayeingia humu ndani, maana nikitembea nyumbani kwangu naona vitu vimesogezwa.

Leo nimekaa na kalamu nikaandika majina ya wote ninaowajua, nikawa nafuta mmoja mmoja kwa sababu zake, kama ilivyo kazi. Bado wamebaki wengi. Jina lako sikuliandika kabisa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nakuomba ukipata likizo uje unisaidie kumtafuta. Wewe una jicho, na kuandika unajua. Tukimpata sitamfanya kitu. Nataka tu akae mbele yangu aniambie kwa nini, halafu basi.

Hapa mezani naona kuna bahasha yenye mwandiko wako, imewekwa juu kabisa, bila shaka imekuja leo. Sijaisoma. Barua zako ndicho kitu pekee kinachonipa raha siku hizi, sipendi kuzisoma haraka haraka. Nitakula kwanza, nivae ile miwani uliyonitumia, kisha nikae nayo nikiwa nimetulia.

Baba yako akupendaye